Seti ya michungwa "iliyojiotea": miche safi kabisa, kadi za ukoo zirudiwe

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: miche ni mizuri, tena mizuri kweli, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo nyota moja wameipoteza kwenye kadi tu. Seti ni ya miche mitano ya kubebesha, yaani kitawi cha aina unayoitaka kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, kuna klementaini (chenza dogo tamu), chenza la Satsuma, chenza la Murcott, limau la Meyer na balungi la Marsh, na wanaiuza kama mkusanyiko wa aina zilizojiotea, yaani hakuna mtu aliyekaa akapanga nitachukua chavua ya huyu nipeleke kwa yule, mti umeota mahali, mtu kaonja tunda akashangaa, akakata vikonyo (vile vitawi vya kubebeshea) akaanza kusambaza. Wazo lenyewe nimelipenda mno kwa sababu machungwa mengi tunayoyajua duniani yamekuja kwa njia hiyo na watu wengi hawajui. Sasa kila mche unakuja na kadi ngumu ya kufunga kwenye tawi, mbele kuna picha ya tunda na nyuma kuna historia, mama nani, baba nani, aligunduliwa wapi na nani, na hizo kadi zinaongea kama cheti cha kuzaliwa wakati ukweli wa hii mimea hauko hivyo hata kidogo.

Ngoja kwanza niseme mazuri maana wanastahili. Miche imefungwa vizuri, udongo haukumwagika, mizizi imejaa lakini haijaanza kujizungusha ndani ya mfuko. Kile kidonda cha kubebeshea kimepona sawasawa kwa yote mitano, ukipitisha kidole unasikia kauvimbe kadogo tu, hakuna nailoni iliyosahaulika ikakaba shina, hakuna ufa. Wametumia shina la chini la ule mchungwa wa miiba wenye majani matatu matatu, hii ni muhimu kujua kwa sababu ukiona chipukizi limetoka chini ya kidonda na jani lake limegawanyika sehemu tatu, hilo siyo chenza lako, ni shina la chini linataka kutawala, lipogoe mapema sana. Mmoja wangu, ule wa Meyer, ulitoa machipukizi hayo mara tu ulipokaa ardhini, nikayang'oa kwa mkono yakiwa bado laini na mti ukaendelea. Miti yote imeshazaa na matunda yanafanana na picha za mbele ya kadi, kwa hiyo kuhusu kupewa aina uliyoahidiwa sina neno.

Sasa kadi. Ili muelewe kwa nini nimekasirika (maana nimekasirika, haya ni mambo ninayoyapenda) lazima mjue kidogo jinsi mbegu za jamii hii zinavyofanya kazi. Ukipanda mbegu moja ya chungwa tamu mara nyingi unaona vinachomoza vimche viwili au vitatu pamoja, watu wanadhani mbegu mbili zilishikana, hapana, ni mbegu moja yenye viinitete kadhaa (yaani vimche vichanga ndani ya mbegu), na karibu vyote vimetengenezwa na mwili wa mama peke yake bila baba kuhusika, vikikua ni mama yule yule upya. Kimoja tu huenda ndiyo kimetokana na uchavushaji, na mara nyingi hicho ndicho dhaifu, kinasongwa na wenzake kinakufa. Kwa hiyo mche uliojiotea chini ya mchungwa kwa kawaida ni nakala ya mchungwa huo, na ukikuta umeleta tunda tofauti basi ama yule dhaifu aliponyoka, ama kuna badiliko limetokea kwenye vinasaba bila baba yeyote. Furungu (lile tunda kubwa la ganda nene) na sitroni (kama limau kubwa lenye ganda nene na maji kidogo) haziko hivyo, mbegu zake zina kiinitete kimoja cha kuchavushwa, kila mbegu ni mtoto mpya kabisa. Ongeza na hili, mti wa mbegu unaweza kukaa miaka mitano, kumi, hata zaidi ndiyo uzae, umejaa miiba hakuna anayeutazama, na siku tunda linapoonjwa aliyetema mbegu pale keshahama au keshakufa. Vikonyo vinapita mkono kwa mkono, jina linabadilika kila kijiji. Ndiyo maana asili zake zina ukungu, siyo uzembe wa mtu mmoja.

Kadi ya klementaini inasema, nanukuu kwa maana siyo neno kwa neno, kwamba ni chotara wa chenza na danzi (lile chungwa chungu) aliyetengenezwa na bruda Clément huko Algeria. Wazo hilo lilikuwepo kweli kwa miaka mingi. Marie-Clément Rodier alikuwa mtawa aliyetunza bustani ya kituo cha yatima cha Misserghin karibu na Oran, na mwaka 1902 ndipo Louis Trabut, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa Algiers, pamoja na chama cha wakulima wa bustani wa huko, wakalipa tunda jina la huyo bruda. Trabut ndiye aliyeandika kwamba baba ni danzi la mapambo lililokuwa linaitwa granito. Wengine baadaye wakapinga hadithi yote, wakasema hili tunda halikuzaliwa Algeria, linafanana mno na chenza fulani la kusini mwa China, pengine lililetwa tu. Hivyo kwa muda mrefu kulikuwa na kambi mbili na kila moja ina wataalamu wake.

DNA imekuja kusema zote mbili zimekosa. Mama ni chenza la Mediterania, lile la majani membamba lililokuwa linalimwa pande zile, na baba ni chungwa tamu la kawaida. Kwa hiyo danzi halimo, na China kama mahali pa kuzaliwa haina haja tena maana wazazi wote wawili walikuwepo pale pale Mediterania. Mimi hapa ndipo ninapofurahi zaidi, kwa sababu huyo mama ni wa wale wanaojizalia nakala, mbegu zake nyingi zingeleta chenza lile lile, na katika kundi hilo akaponyoka mtoto mmoja wa kuchavushwa akapona akakua akazaa tunda bora kuliko mama, halafu huyo mtoto mwenyewe hana tabia ya mama, mbegu za klementaini zina kiinitete kimoja kimoja, ndiyo maana waliozalisha aina mpya za machenza baadaye wamemtumia sana kama mama. Hayo yote yangeweza kukaa nyuma ya kadi kwa mistari minne! Badala yake wameweka "aliyetengenezwa na", neno ambalo hata hadithi ya zamani haikulidai, ilisema mti uliota.

Na kuna jambo la kumgusa mnunuzi moja kwa moja. Kadi hiyo hiyo imeandika "haina mbegu". Klementaini haiwezi kujichavusha yenyewe, ikikaa peke yake matunda yanakuja bila mbegu sawa, lakini ikipata chavua inayoikubali kutoka kwa jirani, mbegu zinajaa. Sasa kwenye seti hii hii wameweka Murcott, ambayo chavua yake inaipa klementaini mbegu vizuri tu, na maelekezo yao ya upandaji yanashauri miti yote mitano ikae pamoja kama bustani ndogo. Nimefuata maelekezo na klementaini zangu zina mbegu. Tamu, maganda yanatoka bila shida, lakini mbegu zipo, na anayenunua kwa ajili ya watoto atalalamika. Mkiwa na nafasi itengeni Murcott mbali kabisa, au kama nafasi hakuna bakini na Satsuma ambayo chavua yake ni hafifu haileti fujo.

Murcott sasa. Hii ndiyo kadi mbaya kuliko zote na ndiyo tunda zuri kuliko yote, ganda jembamba limeshikana na nyama, ukilimenya taratibu linatoka vipande vipande, ndani rangi ya chungwa iliyokolea na utamu mzito, linachelewa kuiva wakati machenza mengine yameshakwisha. Kadi inataja mama na baba kwa majina kama vile kuna aliyekuwepo. Hakuna aliyekuwepo! Kinachojulikana ni kwamba mti ulitoka kwenye kazi za kuzalisha michungwa za wizara ya kilimo ya Marekani, ukafika kwa R. D. Hoyt kule Safety Harbor, Florida, karibu mwaka 1913 ili aujaribu, na kumbukumbu ya wazazi ikapotea njiani. Hoyt akampa vikonyo ndugu yake Charles Murcott Smith, huyu akaubebesha karibu mwaka 1922, na jina lake ndilo lililobaki kwenye tunda. Wanaoutazama mti na tunda wanasema ni chotara wa chenza na chungwa tamu, sawa, lakini hiyo ni familia, siyo jina la mama na baba. Yaani fikirieni, huu siyo hata mti wa porini, umetoka mikononi mwa watu wa kuandika kila kitu kwenye madaftari, na bado ukoo umepotea. Halafu Murcott naye akazaa fumbo lake, kule Afourer nchini Moroko mbegu ya Murcott ikatoa mti ambao mama anajulikana ila baba hajulikani, na tunda lake leo linauzwa dunia nzima kwa majina tofauti tofauti, W. Murcott, Afourer, Nadorcott, watu wanakula kila msimu bila kujua ni ndugu.

Kitu kingine kuhusu Murcott ambacho kadi haikusema na kingekuwa na faida kuliko majina ya kubuni: huu mti unazaa kupita nguvu zake. Mwaka mmoja unabeba hadi matawi yanapasuka, mwaka unaofuata unapumzika, na ukiuacha ubebe kila kitu unaweza kumaliza akiba yake yote kwenye mizizi ukadhoofika ghafla hata kufa. Punguzeni matunda yakiwa madogo, tena bila huruma, hasa yale ya ncha za juu ambayo yanaungua na jua.

Satsuma wameandika tu kwamba asili yake ni China. Ni rahisi kuona kosa limetoka wapi, machenza yaliingia Japani kutoka bara na jina la Kijapani la tunda hili, unshu, linataja mji wa China. Ila mti wenyewe wanaouelewa wanasema ulizaliwa Japani, pande za Kagoshima, ambako zamani ndiko kulikoitwa Satsuma, na vinasaba vimetoa wazazi, mama ni Kishu, kale kachenza kadogo ka zamani, na baba ni kunenbo, chenza lingine la zamani. Kwa hiyo wazazi tunao, eneo tunalo kwa kiasi, aliyeupanda na mwaka hatuna. Tunda halina mbegu kweli, ganda limelegea, linaiva mapema likiwa bado na kijani juu kwa hiyo msisubiri lote lipate rangi, mtalikuta limekauka maji.

Meyer nitakaa kidogo. Frank Meyer aliyekuwa akitafutia wizara ya kilimo ya Marekani mimea ya nchi za nje aliuchukua karibu na Beijing mwaka 1908, ulikuwa unafugwa kwenye vyungu kama pambo. Kadi inasema ni limau lililochanganyika na chungwa, na hayo ndiyo maneno yaliyozoeleka kila mahali. Vipimo vinaonyesha upande mmoja ni sitroni na upande wa pili ni chotara wa chenza na furungu, maana yake siyo limau la kawaida aliyeolewa na chungwa, ni uzao mwingine pembeni. Limau la kawaida lenyewe ni mtoto wa danzi na sitroni, kwa hiyo hao wawili wanachangia sitroni tu, ni mandugu wa upande mmoja. Ganda laini, ukali wa asidi umepungua, harufu yake ina kitu kama majani mabichi, mimi naiweka juu sana.

Lakini siyo ukoo uliofanya nikae hapa. Meyer wa zamani aligundulika kubeba virusi vya tristeza bila kuonyesha dalili yoyote, mti unang'aa, umebeba, huku unaambukiza michungwa ya jirani ambayo inakauka, na huko California iling'olewa mingi kwa sababu hiyo. Baadaye ukapatikana mstari safi usio na virusi na Chuo Kikuu cha California kikautoa mwaka 1975 kwa jina la Meyer iliyoboreshwa. Sasa mimi mnunuzi ninachotaka kusoma nyuma ya kadi ni kitu gani? Ni kama kikonyo changu kimetoka kwenye mstari huo safi au la! Kadi imejaza nafasi yote kwa habari za Beijing na haina hata neno moja kuhusu mti gani uliokatwa kikonyo, ulipimwa lini, ulipimwa magonjwa gani. Hiyo ndiyo nyota niliyoiondoa. Wazazi wasipojulikana hakuna mti wowote wa jirani utakaokufa, ila chanzo cha kikonyo kisipojulikana bustani nzima iko hatarini, tristeza ni moja tu, kuna na ule ugonjwa wa majani kugeuka njano na matunda kubaki ya kijani upande mmoja ambao umemaliza mashamba Florida, nao unasafiri na vikonyo vile vile.

Balungi la Marsh, kadi inasema lilitokana na mbegu. Labda. Balungi lenyewe kama tunda lilijitokeza Barbados, mwaka 1750 Griffith Hughes aliandika habari za tunda la kisiwani humo lililoitwa tunda lililokatazwa, na hadi leo watu wanabishana kama alilolielezea ndilo hili tunalolijua. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ni furungu lililobadilika tu lenyewe. Sasa inajulikana ni mtoto wa furungu na chungwa tamu, na ukikumbuka kwamba kila mbegu ya furungu ni mtoto mpya basi haishangazi kisiwa kimoja chenye miti yote miwili kikatoa kitu kama hicho. Marsh ni habari ya baadaye, Florida, karne ya 19, karibu na Lakeland, mti mmoja ukazaa mabalungi yasiyo na mbegu wakati ya zamani yalikuwa yamejaa mbegu. Simulizi ziko mbili. Moja inasema ulikuwa mti wa mbegu, nyingine inasema lilikuwa chipukizi la mzizi wa mti wa zamani. Na hapa DNA ya kupima wazazi haiwezi kuamua, kwa sababu mbegu ya balungi huleta nakala ya mama, na chipukizi la mzizi ni nakala ya mama pia, ukizipima zote mbili zinasoma kitu kimoja, tofauti ni lile badiliko dogo lililofuta mbegu. Kilichobaki ni maneno ya watu waliokuwepo na hawakukubaliana. Sasa kadi ikichagua simulizi moja ikaifanya ukweli, mnunuzi amenyimwa ile sehemu inayovutia kuliko zote. Mti wenyewe hauna kosa, maji mengi, uchungu wa wastani, unakaa na matunda juu ya mti muda mrefu bila kuharibika.

Niliwaandikia wauzaji. Walijibu haraka na kwa heshima, hilo niwape, wakasema maelezo ya kadi yalinakiliwa kutoka katalogi ya zamani na kwamba vikonyo vinatoka kwenye miti mama iliyopimwa, wakanitumia karatasi ya vipimo ya miti hiyo ikiwemo Meyer. Karatasi iko vizuri. Sasa kama mnayo jamani kwa nini iko ofisini na kwenye tawi kuna habari za mtawa! Atakayenunua aiombe kabla ya kulipa, msione aibu, na mkiletewa majibu ya kuzungukazunguka acheni.

Kama nitanunua tena, ndiyo, na nimeshawaelekeza ndugu zangu wawili kwao, ila niliwaambia waombe ile miti minne mingine na mahali pa Murcott waweke Satsuma ya pili, labda kama wana eneo la kuutenga. Kadi za toleo lijalo nimewapendekezea ziwe na mistari mitatu tu: kilichothibitishwa kwa vipimo, kinachosimuliwa, na kikonyo kimetoka mti gani. Kwa Murcott mstari wa kwanza uandikwe wazazi hawajulikani, kumbukumbu ilipotea kabla ya 1922, na uachwe hivyo.